Kuirudisha Nyuma Saa ya Seva: Somo la Mpangilio wa Matukio kwa Darasa la Sita

Somo la saa katika shule za msingi kwa kawaida hukoma pale mwanafunzi anapoweza kusoma mishale na kutoa dakika katika dakika. Tunapendekeza mwalimu aongeze hatua moja. Rekodi nyingi za siku hizi, kama vile alama za mitihani, chanjo za watoto na fedha za simu, zimo katika hifadhidata, yaani madaftari makubwa yanayotunzwa na kompyuta iitwayo seva. Aghalabu kila mstari unaoingia hupigwa mhuri wa wakati kwa kufuata saa ya seva yenyewe. Itakuwaje basi ikigundulika kwamba saa hiyo iko mbele kwa saa nzima, na mtu akairudisha?

Mwalimu asianze kwa maelezo. Aanze kwa mchezo. Zana ni saa ya kadi yenye mishale inayozunguka, kadi tupu zipatazo thelathini, na kalamu. Mwanafunzi mmoja awe Saa, mwingine awe Karani. Karani akatazwe kumwuliza mtu wakati. Ajue yale tu anayoonyeshwa na Saa. Wenzao wampelekee alama, naye aandike kila alama katika kadi yake pamoja na wakati. Saa inaonyesha 4:20 asubuhi, na Karani anaandika kwamba mwanafunzi fulani amepata 38 katika Hisabati. Hapo mwalimu amnong'oneze Saa arudi nyuma saa moja. Baada ya dakika tano msahihishaji anagundua kwamba tarakimu ziligeuzwa, na alama halisi ni 83. Karani anaandika kadi mpya, na wakati unaosomeka ni 3:25. Sasa kadi zichanganywe, maana hifadhidata haiahidi kuzitoa kwa mpangilio wa kuingia kwake isipoagizwa hivyo. Kisha zipangwe kwa wakati, na darasa liulizwe: alama ya mwisho ya mwanafunzi huyu ni ipi?

Kadi zitajibu 38. Mwalimu aliache darasa libishane kwa muda wa kutosha, kwani ubishi huu ndio moyo wa somo. Karani hakukosea hata herufi moja, wala hakuna aliyedanganya. Hata hivyo mtoto amepoteza alama 45, na sahihisho lake limeonekana kuwa la zamani kuliko kosa lililosahihishwa.

Mchezo urudiwe, safari hii kila kadi ikipewa pia namba ya mfululizo. Zikipangwa kwa namba, 83 hukaa mahali pake. Wanafunzi watakuwa wamekaribia wazo lililoelezwa mwaka 1978 na mtaalamu wa Marekani, Leslie Lamport, kwamba kompyuta zinaweza kupanga matukio kwa kuyahesabu, bila kuitegemea saa ya ukutani.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2017 ulipoingia kwa saa ya dunia, ambayo kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 9 usiku, sekunde moja ya ziada iliongezwa ili saa zilingane na mzunguko wa dunia. Katika kampuni ya Cloudflare, programu iliyodhani kwamba wakati haurudi nyuma ilitoa wakati mmoja katika mwingine, ikapata jibu lililo chini ya sifuri, na sehemu ya huduma yao ikaanguka. Sekunde moja tu!

Je, saa irudishwe vipi kwa usalama? Kosa likiwa dogo, saa haivutwi nyuma. Hupunguzwa mwendo mpaka wakati halisi uifikie. Programu iitwayo ntpd, katika njia hii, haipunguzi zaidi ya nusu milisekunde kwa kila sekunde. Hapa pana hesabu nzuri ya ubaoni: kosa la sekunde 1 huhitaji sekunde 2,000, yaani dakika 33 na sekunde 20. Kosa la saa nzima huhitaji sekunde 7,200,000, ambazo ni siku 83 na saa 8. Wanafunzi wenyewe wataona kwamba kwa kosa kubwa njia hii haifai.

Ndipo Karani anapoweka kalamu chini. Watumiaji waarifiwe, huduma ifungwe, hifadhidata isimamishwe, nakala ya akiba itolewe, na saa irekebishwe. Kisha wote wangoje. Ikiwa kadi ya mwisho ina mhuri wa 5:00, Karani asiandike lolote mpaka saa sahihi ipite 5:00. Wasimamizi wenye haraka huiruka hatua hii, na kwa maoni yetu ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Kazi zilizopangwa kufanyika saa maalumu zichunguzwe pia, zisije zikafanyika mara mbili.

Kabla ya yote hayo, msimamizi ahakikishe kwamba saa ndiyo yenye kosa. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, kisha huonyesha saa ya mahali kwa kuongeza tofauti. Kwetu ni saa 3. Tofauti ikiwa imewekwa 4, kama ya Muscat, hesabu ya ndani ni sahihi, na inayorekebishwa ni tofauti peke yake. Vilevile, mtu anayehesabu saa kwa desturi yetu akumbuke kwamba saa 2 asubuhi huandikwa 8:00 katika mashine. Akiandika 2:00 atakuwa ameirudisha saa sita nyuma kwa kidole kimoja.

Mwanafunzi mmoja hakika atauliza kuhusu kadi zilizokwisha kupigwa mhuri wa saa iliyo mbele, na pengine atataka zifutwe na kuandikwa upya. Mwalimu asikubali upesi. Amwombe Karani aandike kadi nyingine, inayotaja tangu kadi namba gani hadi namba gani saa ilikuwa mbele, na kwa kiasi gani. Aitie sahihi, kisha aibandike juu ya zile za zamani bila kuzigusa.