Kabla hujamuuzia mtu chuma cha kuvutia tela, muulize uzito

Wanaouza vifaa vya gari mtandaoni hii ni yenu moja kwa moja. Wengine someni tu, maana kosa langu unaweza kulifanya hata ukiuza majiko ya gesi.

Mwaka jana mama mmoja wa Moshi aliona bidhaa zangu kwenye status. Ana tela la chakula, jiko limo humo humo, mwanawe analivuta na Prado kwenda minadani mpaka Same. Akanitumia sauti: "Mwanangu, tukivuta hili tela gari linakaa kitako, mbele linanyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi, usiku wenye magari wanatuwashia taa eti tunawamulika machoni. Nimeona video ya mtambo wa Kimarekani wenye fimbo mbili. Unao?"

Ninao! Nilikuwa na seti moja imekaa miezi minne. Nikataja bei, akalipa, jioni ile ile nikapakia kwenye basi. Sikumuuliza swali hata moja.

Mtambo wenyewe unafanya kazi hivi. Mkono wa tela ukikandamiza nyuma ya gari, tairi za mbele zinapungukiwa mzigo, na hizo ndizo zinazokata kona na kubeba kazi kubwa ya breki. Zile fimbo mbili ni springi. Zinatoka kwenye chuma cha gari, zinakwenda kufungwa kwenye mkono wa tela kwa nguvu mpaka zinajikunja. Kule kujikunja kunarudisha sehemu ya mzigo kwenye tairi za mbele za gari, na sehemu nyingine kwenye tairi za tela. Marekani wanazitumia sana kwenye tela za kulala, zile nyumba za magurudumu. Kitu kizuri kabisa. Ila hakipunguzi uzito wa tela hata kilo moja, wala hakiongezi uwezo wa gari. Kiungo chenye uwezo mdogo kuliko vyote ndicho kinachoamua unavuta kiasi gani.

Sasa mzigo ukafika, fundi wake akanitumia picha. Boli niliyotuma (ile duara ya chuma ambayo mdomo wa tela unakaa juu yake) ilikuwa ya inchi 2, yaani milimita 50.8. Mdomo wa tela la mama ni wa milimita 50. Utasema chini ya milimita moja ni nini? Mdomo haukujifunga. Na ukiulazimisha ukajifunga nusunusu, unaweza kuchomoka barabarani na watu wako ndani ya gari. Halafu mtambo unataka gari lenye tundu la mraba la kuchomekea. La mama lina chuma bapa, boli imekazwa na nati.

Nikarudisha hela yote. Nauli ya mzigo kwenda na kurudi juu yangu, na lile boksi halibebeki na mtu mmoja, konda hakunionea huruma.

Ningeishia hapo, lakini shida ya mama ilikuwa bado ipo. Nikakaa siku mbili nasoma maelekezo ya watengenezaji, ndipo nikajua swali la kwanza lilipaswa kuwa: mkono wa tela unakandamiza kilo ngapi? Kwa tela za namna hii wanataka kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela likiwa na mzigo. Ikipungua hapo, tela linaanza kuyumba mkia. Ikizidi, ndiyo yale ya mama.

Nikamwomba apime. Walikwenda kwa muuza mahindi mwenye mizani ya magunia. Tela sehemu tambarare, mawe kwenye tairi, kipande cha gogo juu ya mizani, mdomo wa tela juu ya gogo kwa kimo kile kile cha gari. Kilo 260! Tela zima na kila kitu lilikuwa kilo 1,400. Piga hesabu, ni karibu asilimia 19. Na chuma cha gari lake kimeandikwa mwisho kilo 200.

Kumbe tenki la maji la lita 200 liko mbele kabisa, linasafiri limejaa, na jenereta pembeni yake. Wakaanza kusafiri na tenki tupu, maji wanajaza wakifika. Jenereta ikahamia juu ya ekseli. Wakapima tena: 155 kwa tela la kilo 1,200. Gari likakaa sawa. Hakununua kwangu chochote siku ile, ila mwezi uliofuata alinunua taa za tela na kuniletea wateja wawili.

Akija mtu ambaye uzito wake upo sawa na nyuma bado inalala, hapo mtambo una kazi. Chagua fimbo zinazoendana na uzito wa mkono, ujumlishe na mzigo ulioko kwenye buti. Fimbo dhaifu haziinui kitu, ngumu sana zinarusharusha gari. Na kitabu cha gari kisomwe kwanza, yapo magari ambayo mtengenezaji amekataza kabisa mtambo huu.

Ile seti bado ipo dukani. Mwenye gari lenye tundu la mraba la inchi 2 na tela lenye mdomo wa inchi 2 aje inbox, aanze na kilo za mkono, bei tutaongea baadaye.