Degedege Halingoji Kukuche

Usiku wa giza pale kijijini Guta, kando ya Ziwa Victoria, wanaume wengi wako ziwani na taa zao za dagaa. Nyumbani amebaki mama na watoto. Homa ya mtoto ikipanda saa saba ya usiku, mwenye kuamua ni yeye peke yake. Kwa hiyo uamuzi ufanyike mchana: nauli ya bodaboda iwekwe mahali isipoguswa, na namba ya dereva anayepokea simu usiku iwemo kwenye simu yako.

Vimelea vya malaria ni vya aina kadhaa, lakini kwetu kinachotawala, na kinachoua watoto, ni Plasmodium falciparum. Chembe za damu zilizoingiliwa na kimelea hiki hunata kwenye mishipa midogo, hata ile ya ubongo. Ndiyo maana mtoto aliyecheza asubuhi anaweza kuzimia jioni.

Usipime joto tu. Mpe titi au maji: akishindwa kunyonya au kunywa, au akitapika kila kitu, hiyo ni hatari. Mwite jina uone kama anaitika. Kisha mulika kiganja chake kwa tochi ya simu, ukilaze kando ya chako. Kikiwa kimepauka, karibu cheupe, damu imepungua na huenda akahitaji kuongezewa. Anayehema kwa kina na kwa taabu, au anayekojoa mkojo mweusi, naye apelekwe saa hiyo hiyo.

Degedege likimshika, mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote, usimfukize moshi. Wapo wanaosema mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Neno hilo linaniuma, kwa sababu linamchelewesha mtoto nyumbani, na kuchelewa ndiko kunakoua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto zaidi ya 5,400 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliochomwa dawa ya artesunate, dhidi ya 10.9 kwa waliochomwa kwinini. Sindano inaokoa.

Zahanati inaweza kuanza na artesunate ya kuweka njia ya haja kubwa. Hiyo ni ya kumvusha njia tu, msigeuzie hapo. Endeleeni mpaka hospitali. Malaria kali hushusha sukari mwilini, basi kama mtoto ana fahamu na anameza vizuri, koroga vijiko vidogo 4 vya sukari katika glasi ya maji safi, umnyweshe kidogo kidogo. Asiye na fahamu asipewe kitu.

Akipata nafuu atapewa dawa mseto ya siku 3. Mmalizishe dozi, hata kama amesharudi kucheza.

Nawe baba, kabla hujashuka ziwani jioni ya leo, mwachie mama watoto hiyo nauli mkononi, na umwambie asikusubiri.