Seva Ndogo ya Simu za Intaneti: Tuweke Mfumo Upi?

Ofisi yetu ina simu kumi za mezani, na tumechagua programu ya Asterisk. Tuisakinishe juu ya mfumo gani?

Mkitaka kuisimamia kwa kivinjari kupitia FreePBX 17, wekeni Debian 12. Waundaji wa FreePBX 17 waliijenga juu ya Debian 12 na wametoa skripti ya kuisakinisha humo. Ofisi nyingi zilizoea CentOS 7, lakini viraka vyake vya usalama vilikoma tarehe 30 Juni 2024. Kama seva yenu bado iko huko, ihamisheni. Usiku na mchana wezi hutafuta seva zinazoitika kwenye mlango 5060, ule wa simu za intaneti. Wakishapata nywila dhaifu hupiga simu za nje ya nchi, na bili inamfikia mwenye seva. Debian 12 itaendelea kupata viraka vya muda mrefu hadi Juni 2028.

Debian 13 si mpya zaidi?

Ni mpya, ilitoka Agosti 2025. Ila katika seva ya simu, anayeamua ni muundaji wa programu ya simu. Mfumo ambao yeye hajautaja, uacheni.

Na tukitaka Asterisk tupu, bila FreePBX?

Hazina ya Debian 12 haina Asterisk, kwa hiyo mtaijenga wenyewe kutoka msimbo wake. Chagueni toleo la matunzo marefu, kama 22. Na msiweke mazingira ya madirisha: kila programu isiyo na kazi ni kitu kingine cha kutiwa viraka.

Raspberry Pi inatosha?

Kwa nguvu, ndiyo. Sauti ya kodeki ya G.711 ni kilobiti 64 kwa sekunde. Ukijumlisha vichwa vya pakiti hufika kama 87 kila upande, hivyo mazungumzo matano kwa wakati mmoja hayafiki nusu megabiti kila upande. Kinachochosha prosesa ni kubadili kodeki, basi simu zote zitumie moja. Ninachohofia ni kadi ya SD, maana seva huandika kumbukumbu zake bila kupumzika na kadi huchakaa. Tumieni diski ya SSD.

Diski tuigawe vipi?

Tengeni sehemu ya peke yake kwa /var/spool/asterisk, ambamo hukaa ujumbe wa sauti na rekodi za mazungumzo. Zikijaa, zitajaza sehemu hiyo tu, na hifadhidata itaendelea kuandika.