Sahihi ya mdhamini ni ushahidi

Kila uchaguzi unapokaribia, vijana huonekana mitaani na fomu mkononi wakitafuta watu wa kumdhamini mgombea wao. Wengi wetu hutia sahihi kwa kuoneana haya tu, kwa kuwa aliyeleta fomu ni jirani. Wengine huuliza kwanza, "Soda iko wapi?" Ndugu msomaji, hivi tunajua tunachokifanya?

Kwa Tanzania, mgombea urais wa Jamhuri ya Muungano anatakiwa kupata wadhamini wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Kwa uchache, basi, ni watu 2,000. Wote wawe wamejiandikisha kupiga kura. Asiyejiandikisha, hata awe mzee anayeheshimika mji mzima, sahihi yake haihesabiwi.

Hekima ya sharti hili ni mbili. Kwanza, kumtenga mwenye nia na mwenye mzaha. Pili, kumlazimisha anayetaka kuongoza nchi nzima atoke kwao. Wafuasi laki moja wa Dar es Salaam hawawezi kuziba pengo la wadhamini wa Unguja au Pemba.

Lakini sharti likizidi kipimo, nalo huwa kikwazo. Wenzetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, wanataka wadhamini 2,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hiyo ni mikono 48,000. Mwaka 2022 tume yao ikataka na nakala za vitambulisho vya wadhamini, wagombea wakalalamika. Si bure: kuzunguka kaunti 24 kunataka fedha, na mwenye hoja asiye na fedha huishia njiani.

Jambo moja huwachanganya wengi. Kudhamini si kupiga kura. Kura ni siri yako, na unaweza kumdhamini huyu ukampigia yule. Unachosema kwa sahihi yako ni kwamba mtu huyu anastahili kusikilizwa na wananchi. Huo ni ushahidi.

Kwa hiyo, tusitie sahihi kwenye fomu isiyo na jina la mgombea. Tusiuze sahihi zetu. Wala tusimwandikie mwenzetu asiyekuwapo, tukidai "hana neno huyo". Jina la kughushi likigundulika, pingamizi huwekwa, na mgombea akienguliwa, wanaopungukiwa chaguo ni wapiga kura wote, wakiwamo wasioiona fomu ile.

Madrasa tunawafundisha watoto kwamba ushahidi ni amana. Basi fomu ikiletwa barazani wakatukuta tumekaa nao, watuone tukiuliza kabla ya kushika kalamu: huyu ni nani, nasi tunamjua kwa lipi?