Yakupasayo kujua kabla ya kupigwa siti skani

Daktari amekuandikia karatasi ya kwenda kupigwa siti skani. Pengine pikipiki ilikuangusha, au kuna uvimbe tumboni ambao eksirei ya kawaida haikuuonyesha. Jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuogopa, na la pili ni kuuliza bei. Yafaa pia ujue unachoendea.

Siti skani ni eksirei inayopigwa kwa namna nyingine. Mtambo huuzunguka mwili, kisha kompyuta hutoa picha za vipande vyembamba, mithili ya mkate uliokatwa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo mjini London mnamo 1971, kwa mtambo uliobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield.

Mtambo wenyewe usikutishe. Unafanana na tairi kubwa lililosimamishwa, nawe unalala juu ya kitanda chembamba kinachopita katika tundu lake. Hauumi. Picha huchukua sekunde chache tu. Muda mwingi huenda katika kukulaza vizuri. Ukitikisika, picha huharibika na huenda ikalazimu irudiwe.

Si kila mtu hudungwa dawa. Aliyeumia kichwa, au anayeshukiwa kupatwa na kiharusi, kwa kawaida huanza kupigwa picha bila dawa, kwa kuwa damu iliyovuja ubongoni huonekana waziwazi. Kwa mgonjwa wa kiharusi kila dakika ina thamani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda yaweza kumuua yule ambaye ubongo wake unavuja damu, hivyo daktari hathubutu kuitoa kabla ya kuona picha. Jamaa wanaokaa nyumbani siku mbili wakingoja mdomo uliopinda unyooke huwa wanampotezea mgonjwa nafasi hiyo.

Dawa inayodungwa huwa na iodini. Ikiingia mshipani utahisi joto mwilini na ladha ya chuma mdomoni. Wengine hudhani wamejikojolea. La, hawajajikojolea, na hisia hiyo huisha upesi. Lakini ukiwashwa, ukivimba uso, ukibanwa na kifua, au mkono uliodungwa ukianza kuuma na kufura, sema papo hapo. Mhudumu yuko chumba cha pili, anakuona na kukusikia.

Kabla ya sindano, taja kama una ugonjwa wa figo, pumu au tezi ya shingo, na kama dawa ya aina hiyo iliwahi kukudhuru. Mwenye kisukari anayemeza metformin aseme pia, kwani ikiwa figo zake ni dhaifu huenda akaambiwa aiache kwa muda. Asiiache kwa kujiamulia. Wanaodhurika kwa kula samaki au kamba huambiwa na majirani kwamba hawafai kudungwa dawa hii. Iodini siyo inayowadhuru katika chakula hicho. Mama anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha.

Sasa tuje kwenye miale, ambayo ndiyo huzua maneno mengi. Skani ya kichwa hutoa kama milisiveti 2, na ya tumbo yaweza kufika 10. Kwa wastani binadamu hupata milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, hewani na angani. Hatari ya saratani kutokana na skani moja ni ndogo, na mtu mwenye sababu nzuri ya kupigwa picha asikatae. Wa kujihadhari ni anayepigwa mara kwa mara pasipo haja. Mjamzito, au anayedhani huenda akawa mjamzito, aseme kabla ya kulala kitandani. Mzazi naye aulize kama kipimo cha miale kimepunguzwa kulingana na umri wa mtoto, na kama picha ya sauti isiyo na miale ingetosha.

Ukimaliza, usiondoke bila ripoti iliyoandikwa na mtaalamu wa picha. Omba pia picha zenyewe, ziwe katika filamu au diski, na uziweke pakavu. Ukihamia hospitali nyingine bila hizo, huenda ukalipa tena na kupigwa miale tena.