Ugonjwa wa Mwenzako Ni Siri ya Nyumba

Siku ya arusi mke na mume huahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Wengi huelewa kwamba uaminifu huo ni kuuguzana. Lakini una sehemu nyingine inayosahauliwa: kutunza siri ya mgonjwa. Siku hizi siri hiyo huvuja hata kwa simu, watu wanapouliza habari za magonjwa katika makundi ya WhatsApp na Facebook.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Gilgil anaona kwamba mumewe amepungukiwa nguvu za kiume tangu aanze dawa za shinikizo la damu. Anaona haya kwenda hospitali, basi anaandika katika kundi la akina mama: "Sitaji jina. Mume wangu ana miaka 46, ni mwalimu, tunaishi karibu na kambi ya jeshi, tuna mapacha." Jina hakulitaja, lakini mume amemtaja. Gilgil si Nairobi. Walimu wa umri huo wenye mapacha ni wangapi upande ule? Kabla ya jioni habari imefika shuleni. Tangu siku hiyo mume hamwambii mkewe anapojisikia vibaya. Hiyo ndiyo hasara kubwa: mgonjwa aliyeaibishwa huacha kusema, na pengine huacha dawa.

Nia ya mama ilikuwa njema, na swali lake lilikuwa la haki. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huweza kupunguza nguvu hizo, na ugonjwa wenyewe pia. Daktari anaweza kubadilisha dawa. Mgonjwa asiziache mwenyewe. Jibu hilo wangelipata wote wawili hospitalini, kwa mtu anayetakiwa na sheria kutunza siri.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya mtu na ya jamaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa habari nyeti. Mnamo Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo la Serikali la 2015, la kukusanya majina ya wanafunzi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, lilivunja Katiba. Ikiwa Serikali yenyewe ilizuiwa, je, sisi tumtangaze mwenzetu?

Mambo ya kuzingatia

1. Pataneni kwanza. Mwili ni wa mgonjwa, mwulize, "Naweza kuuliza jambo hili nje?" Akikataa, mheshimu, kisha mtafute daktari pamoja.

2. Uliza juu ya ugonjwa, si juu ya mtu. Acha umri, kazi, mtaa na idadi ya watoto. "Je, dawa za shinikizo huleta shida hii?" yatosha.

3. Kumbuka namba yako. Katika kundi la kawaida la WhatsApp wenzako huiona, na anayeanza kutuma pesa kwa M-Pesa huweza kuoneshwa jina la mwenye namba.

4. Usitume picha ya kadi ya kliniki, karatasi ya vipimo wala pakiti ya dawa yenye jina.

5. Usitegemee kufuta. Ujumbe uliokwisha kunakiliwa ni kama maji yaliyomwagika.

Lakini tusichanganye mambo. Kutunza siri si kumficha mwenzako ugonjwa unaoweza kumdhuru, wala si kumfunga mdomo anayepigwa au kuteswa nyumbani. Huyo na atafute msaada mara moja.

Maswali ya kujadiliana

– Ni habari gani za afya yangu ambazo nisingependa zitoke nje ya nyumba yetu? Je, nimemwambia mwenzangu?

– Mmoja wetu akiugua, tutamwuliza nani kwanza?

– Tumewahi kusambaza habari za ugonjwa wa jirani? Tutarekebishaje?