Kipanya cha kompyuta: mnunuzi ajue kilichomo ndani

Katika ofisi nyingi ndogo, kipanya kikianza kusumbua hutupwa na kingine hununuliwa siku hiyo hiyo. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya kompyuta, lakini mwenye steshenari yenye mashine kumi huirudia gharama hiyo mara kwa mara. Akijua chombo hicho kinavyofanya kazi, ataweza kutofautisha kipanya kilichokufa na kile kinachohitaji kufutwa tu.

Kipanya cha kwanza kilibuniwa na Mmarekani Douglas Engelbart na kuundwa na mhandisi Bill English mwaka 1964, huko California. Kilikuwa kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili: moja lilipima mwendo wa mbele na nyuma, la pili kushoto na kulia. Baadaye magurudumu yalibadilishwa na kigololi, ambacho kilikusanya uchafu wa meza na kukwama.

Vipanya vingi vya sasa hutumia mwanga. Taa ndogo humulika meza, lenzi hukusanya mwanga unaorudi, na kamera ndogo hupiga picha za uso wa meza zaidi ya elfu moja kwa sekunde. Chipu hulinganisha kila picha na iliyotangulia, ikatambua kipanya kimesogea upande gani na kwa kiasi gani. Hesabu hiyo hupelekwa kwenye kompyuta na mshale husogea.

Kwa hiyo mshale ukirukaruka, kosa huenda si la kipanya. Kioo kisicho na doa hakiipi kamera alama za kulinganisha, na unywele mmoja kwenye tundu la lenzi hutosha kuivuruga. Weka karatasi chini ya kipanya na ufute tundu hilo kabla ya kwenda dukani.

Vitufe ni habari nyingine. Chini ya kila kimoja kuna swichi yenye kibati chembamba kinachojikunja na kurudi. Kikichoka, bofyo moja husomeka kama mawili, na faili lililotakiwa kuchaguliwa tu hufunguka. Hapo dawa ni kubadilisha swichi, kazi ambayo fundi mwenye kifaa cha kulehemu risasi anaiweza. Waya nao hukatikia pale unapotokea kwenye mwili wa kipanya, hasa ukizoea kuviringishwa kwa nguvu.

Aidha, mnunuzi asivutwe na namba kubwa ya DPI kwenye boksi. Kipanya cha 800 hutoa hesabu 800 kikisogezwa inchi moja; cha 3,200 huusogeza mshale mbali zaidi kwa mwendo ule ule wa mkono. Namba hiyo haisemi lolote juu ya uimara wa swichi wala wa waya, na kwa kawaida hivyo ndivyo vinavyomrudisha mteja dukani.